Watu wa Mkopo Walipokuja Kukagua Nyumba

Nyumba yetu ni ya bati, ya duara, na mlango wake ni mfupi kiasi kwamba mgeni asiyeambiwa hugonga paji la uso. Kampala nzima nyumba hizi za polisi zinaitwa mama ingia pole. Baba alipewa hii akiwa konstebo kijana asiye na mke. Akaoa humo, akatuzaa humo, akapanda cheo mara moja tu kuwa koplo, na hadi leo tumo. Pazia linagawa duara katikati. Upande mmoja kuna kitanda cha baba na mama. Upande wa pili ni godoro letu mimi na dada yangu, ambalo asubuhi tunalisimamisha ukutani ili pawe sebule.

Tunasema Kiswahili nyumbani kwa sababu baba ni Mwacholi na mama ni Mwislamu wa Arua, na walipokutana hakuna aliyejua lugha ya mwenzake. Kiswahili cha baba ni kile cha polisi, kinakwenda moja kwa moja kama amri. Changu nimekinyoosha shuleni. Nakiandikia daftari hili kwa sababu wenzangu darasani wakichungulia hawaambulii kitu.

Mimi si mtu wa kusema. Mwalimu akiniuliza, jibu ninalo, lakini koo linafunga. Mwenye mdomo ni dada yangu. Yeye ndiye aliyepata nafasi chuo kikuu, kozi ya maabara ya hospitali, na nafasi hiyo bila mkopo wa serikali isingekuwa na maana yoyote. Mkopo ukipatikana, anakwenda. Usipopatikana, anabaki mtaa wa Bwaise kwenye saluni anakosuka nywele za watu. Alikuwa ameanza huko kwa likizo tu, na likizo ilishakuwa ndefu.

Zamani, walivyotueleza, mkopo ulikuwa jambo la mwanafunzi na alama zake. Unajaza fomu, mwenyekiti wa mtaa anagonga muhuri, unasubiri. Mwaka ule kanuni zikabadilika na mzazi naye akaingizwa. Lazima asimame mdhamini, atie sahihi mbele ya afisa, na kabla ya hapo watu waje nyumbani kuona familia inaishije. Tulisikia redioni tukiwa tunakula. Baba aliacha kutafuna. Alisikiliza mpaka mwisho, akazima redio, tonge bado liko mkononi.

"Mimi nasimama geti ya benki usiku yote na bunduki," akasema baadaye. "Hakuna mtu ananitisha. Lakini hii ya kuweka jina yangu chini ya deni, hapana. Mimi karibu nastaafu. Pensheni yangu watashika?"

"Hawashiki, baba," dada akamwambia.

"Umeona wapi imeandikwa kwamba hawashiki?"

"Haijaandikwa."

"Basi. Kitu haijaandikwa ndiyo inashika mtu."

Mama akasema, "Mzee, kula kwanza." Lakini na yeye sauti yake ilikuwa imepungua.

Kuanzia siku ile hofu ilikaa nasi kama jamaa aliyekuja kutembea akakosa nauli ya kurudi. Baba alianza kuuliza maswali ovyo. Akivua buti anauliza, je, mtoto akikosa kazi baada ya chuo? Akinyoa ndevu anauliza, je, akiolewa, bwana yake atalipa? Dada alijibu mara ya kwanza na ya pili, halafu akachoka. Mimi nilikuwa nasikiliza tu na kuhesabu kwamba nyuma ya dada ninafuata mimi.

Kisha ikaja meseji kwenye simu ya dada. Maafisa watafika Alhamisi mchana kuthibitisha hali ya familia, na mzazi awepo. Hayo tu.

Sasa nieleze desturi moja ya baraksi yetu, kambi hii ya polisi, maana bila hiyo mtu wa nje hataelewa mama alifanya nini. Kwetu kuna vitu vyenye mwenyewe lakini vinavyoishi kwa watu. Jirani yetu, mke wa sajenti, alizaa mapacha, kwa hiyo anaitwa Nalongo kama Waganda wanavyomwita mama yeyote wa mapacha. Nalongo ana zulia jekundu. Zulia hilo limehudhuria kila jambo baraksini. Wakija wakwe, linatandikwa. Akija padri kubariki nyumba, linatandikwa, na akija shehe kusoma dua linatandikwa vilevile. Ukipitia albamu za picha nyumba kwa nyumba, utaona watu tofauti, sherehe tofauti, na zulia lile lile chini ya miguu yao, na pembeni alama nyeusi ya pasi iliyosahaulika juu yake siku moja. Vivyo hivyo vikombe vya maua, vivyo hivyo meza ya kioo ya mke wa inspekta. Hakuna aibu. Mgeni ni wa wote, na heshima yake inachangwa. Kurudisha tu ndiko kwenye sheria. Hurudishi chombo kitupu, unatia hata kiganja cha simsim.

Alhamisi ile mama aliniombea ruhusa nirudi saa ya chakula nimsaidie. Kabla sijatoka, msichana ninayekaa naye dawati moja akaniuliza naenda wapi. Nikamwambia kwa sauti ya chini.

"Watu wa mkopo?" akasema. "Bambi, poleni. Mwambie mama yenu afiche kila kitu. Kaka yangu walimkatalia kwa sababu ya friji."

"Friji?"

"Walikuta friji. Imekufa hata haigandishi, mama anawekea nguo. Wakaandika familia ina friji, ina uwezo. Wanatafuta maskini wale."

Nilitembea haraka mpaka mbavu zikauma. Njia nzima nilikuwa napanga sentensi. Mama, wanatafuta watu wasio na kitu. Niliirudia mpaka ikawa nyepesi mdomoni.

Nikainama mlangoni, nikainua kichwa, na sentensi ikaniponyoka. Zulia jekundu lilikuwa limetandikwa ukuta hadi ukuta, kingo zimekunjwa kwa sababu nyumba ni ya duara na zulia lina pembe nne. Juu yake meza ya kioo. Juu ya meza vikombe vya maua, sita, na chupa ya chai yenye taji. Godoro letu halikuwepo, lilikuwa limekwenda kwa Nalongo kama mtu aliyefukuzwa. Na mbele ya pazia, juu ya masanduku yetu mawili yaliyofunikwa kitambaa cheupe, ilikaa televisheni bapa ya kwa inspekta, kubwa kuliko dirisha.

Mama alikuwa amevaa gauni lake la Idi. Kwa kawaida saa hiyo angekuwa nje ya geti anauza mukene, wale dagaa wa ziwani, mikono ikinuka samaki. Aliipeleka mikono puani akanusa, akaridhika.

"Usikanyage na viatu," akasema.

"Mama, vitu hivi..."

"Si wametupa? Nalongo mwenyewe kanibebea. Wiki iliyopita walipokuja kwake kumwona kijana wake alitandika hivi hivi, wakakaa, wakanywa chai, wakaondoka wanacheka."

Kijana wa Nalongo naye alikuwa ameomba mkopo. Hilo nilikuwa nimelisahau.

"Mama," nikasema, "shuleni wanasema hao wanatafuta watu wasio na kitu. Wakiona televisheni watamkatalia."

Mama aliacha kupanga vijiko. Akanitazama, si kwa hasira, bali kama mtu anayemweleza mtoto kwa nini moto unachoma.

"Wewe umeona wapi mtu anamkopesha asiye na kitu? Mimi nikitaka kukopesha samaki, namtazama mtu. Namtazama viatu, namtazama kikapu. Asiye na kitu namhurumia, simkopeshi. Na safari hii wamesema mzazi awe mdhamini. Mdhamini anakaa kwenye mkeka?"

Jambo lililonitisha zaidi ni kwamba alisema kweli. Kanuni mpya zilitaka mtoto awe maskini na mzazi awe wa kutegemewa, na wote wawili wanaishi ndani ya nyumba moja. Tukionekana hatuna, baba anakataliwa. Tukionekana tunacho, dada anakataliwa. Nilimtazama baba. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha kuazimwa, suruali ya kazi, shati jeupe la kanisani, macho mekundu kwa kulinda usiku kucha.

"Baba?"

"Muulize mama yako," akasema. "Mimi hii nyumba ya leo siijui."

Mvua ikaanza. Juu ya bati la mama ingia pole mvua haizungumzi, inapiga kelele, na ndani yake simu ya mama ikaita. Alikuwa dada. Bwaise imejaa maji, magari yamesimama, anatafuta boda wa kumvusha. Alikuwa amekwenda asubuhi kusuka kichwa kimoja tu, akisema atawahi. Mama akaziba sikio la pili. "Njoo hata kwa kuogelea," akamwambia, akakata.

Kisha akanigeukia mimi. "Wakija kabla yake, utakaa mahali pake."

Wakaja kabla yake. Afisa mmoja, mwanamke wa makamo, miwani, koti la mvua, na nyuma yake mwanamume mwembamba aliyeficha tableti ndani ya shati isilowe. Mwanamume hakuinama vya kutosha. Bati likalia, naye akashika kichwa akitabasamu kwa maumivu.

"Pole, ssebo," mama akasema. "Nyumba yetu inasalimia kwanza."

Yule afisa alianza kwa Kiingereza, akaona baba anajikunja, akajaribu Kiganda, mwisho akaingia Kiswahili cha wanafunzi wa polisi na madereva, kile cha Kampala. Tukaelewana. Akavua viatu bila kuambiwa. Akaketi. Alitazama meza, akatazama televisheni, akatazama juu kwenye bati lililokuwa linavuja tone moja moja karibu na pazia. Mwanamume alianza kupiga picha.

"Mwombaji ni huyu?" afisa akauliza.

"Mwombaji yuko njiani, nyabo," mama akasema. "Mvua. Huyu ni mdogo wake."

"Shikamoo," nikasema. Kampala watu hawajui la kufanya na neno hilo. Akasema, "Asante."

Aliuliza mambo ya kawaida. Tuko wangapi, nani anafanya kazi gani, wangapi wako shuleni. Baba alijibu kwa sauti ya paredi. Mama akamimina chai. Mwanamume akaisogelea televisheni.

"Hii inawaka?"

Waya wake ulikuwa unaning'inia hewani. Soketi yetu ni moja, iko upande wa pili wa pazia, na waya haukufika nusu ya njia.

"Inawaka," mama akasema. "Leo kuna mvua. Radi."

"Sawa," yule mwanamume akasema, akapiga picha ya waya.

Afisa alikuwa anatazama chini, kati ya miguu yake, kwa muda ambao nilidhani amepoteza kitu. Akaomba tableti. Akapitisha kidole, akapitisha tena, akasimama. Akainama na kukunjua ukingo wa zulia uliokuwa umekunjwa ukutani. Alama nyeusi ya pasi ilikuwa pale, wazi kama muhuri.

"Hili zulia nimelikalia wiki iliyopita," akasema. "Nyumba ya tatu kutoka hapa. Na hivi vikombe nimenywea."

Mvua ilikuwa imepungua, wakati ule ambao ningetaka iongezeke.

"Mazulia kama haya yako mengi soko la Owino," mama akasema.

"Yenye pasi mahali hapa hapa?"

Mama akacheka kidogo, kicheko cha kumwomba mtu acheke naye. Afisa hakucheka. Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya koti.

"Wale waliniambia ni lao. Na wewe unaniambia ni lako. Mama, sikiliza. Mambo yamebadilika. Zamani tungeacha. Sasa, nikiandika kwamba familia imedanganya kwenye ukaguzi, ombi linafutwa. Si langu kuamua, linafutwa tu. Kwa hiyo nakuuliza mara moja. Zulia hili ni la nani?"

Nilimtazama mama. Gauni la Idi, mikono aliyoiosha kwa limau, mdomo umefunguka kidogo. Alikuwa amenaswa. Akisema ni letu, amedanganya. Akisema ni la Nalongo, Nalongo ndiye atakayeonekana tajiri na kijana wake atafutwa. Mama hawezi kumuuza jirani juu ya zulia la jirani. Nilijua hatasema. Nilimtazama baba, akawa anatazama mikono yake.

Nikafikiri, dada hayupo. Ndipo nikasikia sauti yangu, nyembamba, kama inatoka kwa mtu aliye nje ya nyumba.

"Ni la baraksi."

"Unasemaje?"

"Ni la baraksi, madam. Lina mwenyewe lakini linazunguka. Akija mgeni kwa yeyote, linakuja. Ukienda nyumba yoyote ukauliza picha za harusi, utaliona. Vikombe pia. Televisheni si yetu. Meza si yetu. Hata wale wa wiki iliyopita, meza haikuwa yao."

"Nyamaza," mama akasema, kwa Kinubi, lugha anayoitumia akiumia.

Sikuweza kunyamaza. Ilikuwa kama kutapika. "Mama hakutaka kudanganya. Alitaka muone baba anaweza kuwa mdhamini. Mdhamini hakai kwenye mkeka."

Afisa akarudisha miwani yake machoni. "Na chenu ni kipi?"

Nikaonyesha. Masanduku mawili chini ya kitambaa. Kitanda nyuma ya pazia. Jiko la mkaa nje. Redio. "Na godoro," nikasema, "lakini liko kwa jirani." Nilipotaja godoro mama aliinuka akashika chupa ya chai, akatoka nayo nje kwenye manyunyu, bila kitu chochote cha kufanya huko na chai.

Ningependa kuandika kwamba yule afisa alilainika. Hakulainika. Alimwambia mwenzake, "Andika, vitu vya kuazima," kwa sauti ile ile ambayo angeagiza soda. Kisha akamgeukia baba. "Mzee, unastaafu lini?"

"Karibu."

"Karibu si tarehe."

Baba akamwambia. Yule mwanamume akaandika, na nikaona afisa akiinua nyusi. Sikujua nyusi zile ni nzuri au mbaya. Nimezifikiria mara nyingi kuliko ninavyofikiria hesabu.

Walipokuwa wanavaa viatu dada akatokea, maji hadi magotini, viatu mkononi. Akasalimia, akajieleza, akasema vizuri kuliko nilivyosema mimi, Kiingereza safi, foleni ya magari, mafuriko, samahani sana. Afisa akampa mkono. "Tumeshaongea na mdogo wako," akamwambia. Dada akanigeukia, na macho yake yakauliza kitu ambacho sikuweza kujibu mbele za watu.

Mama hakunisemesha tangu siku ile. Si kwamba alinikasirikia kwa kelele, afadhali ingekuwa hivyo. Alimtumia dada. "Mwambie mdogo wako achote maji." Nami nimesimama pale pale, ndoo mkononi. Vyombo alivirudisha mwenyewe jioni ile ile, kila kikombe na simsim ndani, na alirudi kutoka kwa Nalongo uso umekauka. Alikuwa amemweleza kila kitu. Asingeweza kumficha.

Asubuhi nilimkuta Nalongo bombani. Kulikuwa na foleni ya wanawake, wote kimya namna ambayo foleni ya bomba haijawahi kuwa.

"Aa, redio imefika," Nalongo akasema. "Mpisheni achote. Mkichelewesha atatangaza."

Mmoja akacheka puani.

"Nalongo, sikusema jina lako," nikasema.

"Hukusema jina. Ulisema tu nyumba ya wiki iliyopita. Mwanangu, katika nyumba za wiki iliyopita, tulikuwa wangapi?" Akaweka mtungi wake kichwani. "Mimi nilikubebea zulia mgongoni kwangu. Kijana wangu asipopata, nitajua pa kukaa nikilia, ni mlangoni kwenu."

Hakulisema kwa ukali. Nilirudi na ndoo nusu kwa sababu sikuweza kungoja ijae.

Majuma yale ya kusubiri sitaki kuyakumbuka sana. Niliogopa mambo matatu kwa zamu. Niliogopa dada kukosa. Nikishaizoea hofu hiyo, niliogopa dada kupata na kijana wa Nalongo kukosa. Na nikiwa nimechoka kabisa, niliogopa baba, kwa sababu alikuwa ameacha kuuliza maswali. Alikuwa akirudi kutoka lindo, analala, anaamka, anakaa mlangoni anatazama msikiti wa Kibuli kilimani kana kwamba ana miadi na mtu huko. Dada aliniambia nisijali. "Ulifanya vizuri," akasema usiku mmoja tukiwa tumelala, kisha akaongeza, "Sijui kama ulifanya vizuri." Nilimshukuru kwa ile sentensi ya pili. Ya kwanza sikuiamini.

Meseji ilikuja akiwa saluni. Alipiga simu, mama akaweka sauti kubwa, tukasikia mashine za kukaushia nywele na dada analia. Amepata. Mzazi afike ofisini na kitambulisho kutia sahihi, la sivyo nafasi inakwenda kwa mwingine.

Kijana wa Nalongo aliambiwa asubiri mwaka unaofuata. Hawakusema kwa nini. Inawezekana ni alama, inawezekana ni sajenti kuwa na mshahara mkubwa kuliko koplo, inawezekana ni mdomo wangu. Nalongo hajui na mimi sijui. Yule kijana sasa anaendesha boda Kawempe na akinikuta njiani ananisalimia vizuri, jambo ambalo ni gumu zaidi.

Siku ya kwenda ofisini baba alivaa shati lile jeupe. Mama alimtengenezea kola. Kisha, akiwa bado ameishika kola, akasema bila kunitazama, "Nenda na huyu pia. Ofisi zile ni Kiingereza tupu. Na huyu dada yake anaficha mambo ili asikutishe. Huyu mwingine anasema."

Ilikuwa mara ya kwanza ananitaja tangu Alhamisi ile. Sikujua kama amenisifu au amenisuta, nikavaa sare ya shule haraka kabla hajabadili nia.

Ofisi ilikuwa ghorofani, baridi, viti vya plastiki, wazazi wengi wameshika bahasha kama watu waliokuja kuchukua maiti. Karani alikuwa kijana mwenye haraka. Akatusogezea karatasi, akamwonyesha baba mstari kwa ncha ya kalamu. Dada alikuwa ameshatia sahihi yake juu.

Baba hakuichukua kalamu. Alinigeukia mimi, si dada.

"Muulize," akasema. "Nikikufa?"

"Baba," dada akasema, "hapana, usiulize hivyo."

"Nikikufa kabla yeye hajamaliza kulipa. Watakuja kwa mama yako? Watachukua masanduku? Muulize vile vile, usipambe."

Ndipo nilipoelewa alichokuwa anakitazama majuma yote yale akiwa mlangoni. Haikuwa pensheni. Alikuwa anaona watu wengine wakiinama mlangoni kwetu, wanapiga picha, na yeye hayupo.

Karani alikuwa anatusubiri, kidole kinagonga meza. Kuyasema maneno yale kwa Kiingereza kulinitisha kuliko zulia. Kwa Kiswahili yalikuwa ya baba. Kwa Kiingereza yangekuwa yangu. Nikafungua mdomo, nikayasema. Baba anauliza, akifa, itakuwaje.

Karani aliacha kugonga. Nadhani hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo wazi. Akaeleza polepole, nami nikatafsiri kipande kwa kipande. Mwenye deni ni mwanafunzi. Hawataenda kwa mama, hawatachukua kitu. Ila mdhamini akifariki, mwanafunzi lazima alete mdhamini mwingine.

"Mwingine nani?" baba akauliza, na nikauliza.

"Mtu wa familia," karani akasema. "Hata ndugu yake, akishafika umri."

Hapo sikutafsiri mara moja. Dada alikuwa ameelewa, na alikuwa ananitazama. Uso wake ulikuwa mdogo, kama wa mtu aliyeniomba kitu bila kutaka kuomba. Nilifikiria miaka yangu iliyobaki shuleni, na kozi yangu mwenyewe ambayo sijaipatia hata jina, na mkopo wangu mwenyewe, na kanuni ambazo kufikia hapo zitakuwa zimebadilika tena. Karani alikuwa anatazama foleni nyuma yetu.

"Amesema nini?" baba akauliza.

"Amesema mama hawatamgusa."

"Na mdhamini mwingine?"

"Amesema ninaweza kuwa mimi."

Baba alinitazama, akapima, jinsi anavyomtazama mtu getini anayetaka kupita. "Umesikia vizuri?" akaniuliza.

"Nimesikia."

"Unaogopa?"

"Naogopa, baba."

"Mimi pia," akasema, akavuta karatasi karibu, akaanza kuandika jina lake, herufi moja moja.